Somo: Kumnyonyesha mtoto ndani ya saa ya kwanza

Wenye mimba kubwa, lisomeni leo. Ukishajifungua hutapata muda.

Hatua ya 1. Mtoto akishakaushwa awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mfunikwe khanga pamoja. Kuoga kutasubiri. Mkiwa wazima wote, anyonye ndani ya saa 1, maana muda huo huwa macho, baadaye husinzia.

Hatua ya 2. Akianza kulamba midomo na kugeuza kichwa, yuko tayari.

Hatua ya 3, na hapa ndipo penye kazi. Tumbo lake liguse lako, pua ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja apanue kinywa sana, kisha mvute yeye kwenye titi, usiinamie kumfuata. Ashike na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu, kidevu kikigusa titi. Ukiendelea kuumia, penyeza kidole kisafi pembeni mwa mdomo, mwachishe, anzeni upya. Chuchu nyingi huchanika kwa kushikwa vibaya, halafu mtoto anasingiziwa ana mdomo mkali!

Hatua ya 4. Anyonye kila anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia.

Dang'a, yale maziwa mazito ya njano, usiyakamue ukamwaga. Ni kidogo, lakini ndiyo kinga yake, na tumbo lake bado dogo. Bibi akija na asali au maji ya sukari, mwambie nesi amekataza. Nisingizieni mimi.

MASWALI

Mama Kijacho: Shikamoo dada. Nikijifungua kwa upasuaji je?
Jibu: Marahaba. Ukiwa macho, omba uwekewe mtoto. Mlaze ubavuni, miguu ipite chini ya kwapa lako, asiguse mshono.

Mama Tunu: Siku ya 2, maziwa hayajajaa. Mama mkwe anataka kopo.
Jibu: Mara nyingi hujaa siku ya 2 hadi ya 4. Endelea kumnyonyesha. Kufikia siku ya 5 akojoe mara 6 au zaidi kwa siku, na choo kiwe kimeacha weusi. Akilala tu bila kunyonya, akipata homa au macho yakiwa ya njano, hospitali leo hii.

Baba Mtarajiwa: Mke wangu ana VVU.
Jibu: Atanyonyesha. Ameze ARV kila siku, mtoto apewe dawa yake ya kinga, na miezi 6 ya mwanzo apate maziwa ya mama tu pamoja na dawa za kliniki.

Mama Tunu: Na uji wa pilipili manga?
Jibu: Kunywa kama unaupenda, ila mtoto atangulie titini.