Shangazi anaenda Marekani? Muulize kwanza Marekani ipi

Mtu akikwambia hapa Dar "naenda Marekani" muulize swali moja tu, Marekani ipi, na akikujibu "si Marekani tu jamani" ujue huyo atapata tabu. Wengi wanaoenda siku hizi ni mama zetu na shangazi zetu, wameitwa kwenda kumwangalia mzazi aliyejifungua, na anayewaita naye ameshazoea mambo ya huko kiasi kwamba hakumbuki hata kuwaambia vitu vya msingi, matokeo yake bi mkubwa anashuka Minneapolis, kule Minnesota kwenye theluji, mwezi wa kwanza na kandambili. Mi nimezunguka majimbo kadhaa na ndugu wametapakaa huko, kwa hiyo naandika hii mara moja ili niache kurekodi voisi noti za dakika kumi kumi. Mambo ya viza sigusi. Nazungumzia yale ambayo hayajaandikwa popote na yanabadilika ukivuka jimbo.

Kabla hata hajaondoka jifunzeni saa zao. New York iko nyuma yetu masaa 8 wakati wa baridi na 7 wakati wa joto, maana Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu wanasogeza saa mbele afu Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja wanazirudisha. Arizona wao wamekataa, jua lao lile hawana haja ya kuliongezea muda jioni, kwa hiyo mji wao wa Phoenix uko nyuma yetu masaa 10 mwaka mzima. Umeelewa? Sasa ndani ya Arizona hiyohiyo kuna eneo la Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, wenyewe wanabadilisha, na katikati ya eneo la Wanavajo kuna eneo la Wahopi, kabila jingine la wenyeji, hao hawabadilishi. Yaani unaendesha gari mwezi wa saba kwenye jimbo moja na saa inaruka mbele, inarudi nyuma, inaruka tena. Kwa hiyo ukitaka kumpata, piga saa mbili usiku ya Dar: New York itakuwa saa sita au saa saba mchana, Phoenix saa nne asubuhi. Ukipiga asubuhi yetu unaamsha watu na wataitikia wakijua kuna msiba.

Salamu sasa. New York usimsalimie kila unayepishana naye, na usisimame katikati ya njia kusoma simu, utapigwa kikumbo na mtu hatageuka. Watu wanasema wana roho mbaya, mi naona hapana, wana haraka tu. Ukipotea usianze na habari za asubuhi na samahani ndugu yangu, muulize moja kwa moja treni ya Brooklyn ni ipi, atakuelekeza vizuri kabisa huku anatembea, na jirani yake atadakia kwamba amekuelekeza vibaya. Kule kusini, Georgia, Alabama, Mississippi, geuza kila kitu. Ukiingia dukani bila kusalimia unaonekana hujalelewa, keshia atakuuliza mjukuu anaendeleaje, atakusimulia na goti lake lilivyofanyiwa operesheni, na foleni nyuma yenu imetulia tu. Watoto huko wanamjibu mtu mzima kwa adabu na hawamwiti kwa jina kavu. Shangazi wa Tandika atapapenda, nakwambia. Texas vijijini hata dereva unayepishana naye barabarani anakunyanyulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, nawe nyanyua, hamjuani na hakuna anachotaka.

Kwenye hela kuwa makini maana bei iliyobandikwa siyo utakayolipa. Huku VAT inakuwa ishaingia kwenye bei ya shelfu, kule kodi inaongezwa ukifika kaunta na kila jimbo lina yake, halafu kaunti na mji nao wanachomeka ya kwao. Chicago ni zaidi ya asilimia 10, kitu cha dola 20 unalipa 22 na senti. Majimbo matano hayana kabisa kodi ya mauzo ya jimbo zima: Oregon, Montana, Delaware, New Hampshire na Alaska, ingawa Alaska miji mingine inajitozea yenyewe. Na hii waambie wale wa oda za nguo Kariakoo: Minnesota, New Jersey na Pennsylvania nguo za kawaida hazina hiyo kodi, kwa hiyo kama shangazi anapita huko na begi la pili liko tupu, mnajua wenyewe.

Tipu ukikaa mezani ni asilimia 15 hadi 20, na usijifanye hujui. Kima cha chini cha serikali kuu kwa mhudumu anayepokea tipu ni dola 2.13 kwa saa tangu 1991, mwajiri anatakiwa kujazia tu pale tipu zisipotosha. Kuna majimbo kama California na Minnesota yanayolipa mshahara kamili kabla ya tipu, na huko nako wanategemea utoe vilevile. Ndo hivyo.

Sheli: New Jersey ndiyo sehemu pekee utajisikia uko Mwenge, unakaa kwenye gari, unashusha kioo, kijana anakuja anajaza. Tangu 1949 sheria imekataza mtu kujijazia mwenyewe na wenyeji wanajivunia, usiwaguse hapo. Oregon nao walikuwa hivyo tangu 1951, wakalegeza 2023. Kwingine unashuka mwenyewe hata kama ni baridi ya kukata masikio, na pampu ikikuuliza namba ya posta ya kadi yako wakati kadi ni ya benki ya Dar, usibishane nayo, ingia ndani umlipe keshia kabisa.

Kama utaendesha, kumbuka wanapita kulia. Pittsburgh wana kuchomekea kwao kulikohalalishwa na mazoea: taa ikiwaka kijani, gari la kwanza linalokata kushoto linapita kwanza na wale wanaokuja wanaliacha. Sheria haisemi hivyo, ukifanya mji mwingine unagongwa. Sehemu nyingi unaruhusiwa kukata kulia taa ikiwa nyekundu baada ya kusimama, ila New York City marufuku mpaka kuwe na kibao kinachoruhusu. Na Iowa mkifika njia panda gari nne pamoja kila mtu anampungia mwenzake apite, hakuna anayetoka. Wewe wa Ubungo, toka tu, wamekuruhusu.

Halafu kuna kiti. Theluji ikianguka Chicago, Boston au Pittsburgh utaona barabarani kiti cha plastiki kimekaa peke yake kwenye nafasi ya kupaki, kwetu ungesema hapa kuna msiba turubai bado halijafika. Usikiguse. Kuna mtu amechimba theluji hapo na chepe masaa mawili na ile nafasi kaimiliki kwa jasho. Halmashauri ya Boston inavumilia masaa 48 baada ya hali ya dharura ya theluji kuondolewa, Chicago sheria haikitambui kabisa, lakini nani atakwenda kukiondoa? Ukikitoa unaweza kukuta gari lako limemwagiwa maji usiku na asubuhi ni barafu tupu. Pittsburgh ndo wamezidi, kiti kinakaa hata kiangazi.

Ila pa kujifunza kweli ni kule kati kaskazini, Minnesota na Wisconsin, maana wanafanana na sisi kwa namna ambayo itakuchanganya. Ukikaribishwa chakula unakataa mara ya kwanza, unakataa ya pili, ya tatu ndo unapokea, na ukipokea ya kwanza hawatasema kitu lakini wameona. Kipande cha mwisho kwenye sahani hakiliwi. Mtu anakikata nusu, anayefuata anakata nusu ya ile nusu, mwishoni kinabaki kikaratasi cha keki kinachoangaliwa na watu saba. Ukiambiwa kuna saladi usitegemee kachumbari, inaweza kuwa tufaha na vipande vya chokoleti ya Snickers vimechanganywa na krimu, na inaliwa pamoja na nyama, siyo baadaye. Wewe kula, sifia, usiulize.

Kuaga sasa. Mwenyeji au mgeni mmoja anajipiga mapaja kwa viganja viwili, pwaa, anashusha pumzi, anasema haya basi. Hapo hamjaondoka, hapo mmeanza. Mnasimama jikoni mnaongelea barabara zilivyo, anafungua friji anakufungashia kiporo kwenye kopo la plastiki, mnahamia mlangoni, umeshavaa koti na mabuti jasho linakutoka mgongoni, ndo anakumbuka kukuuliza mama yako hajambo. Mnatoka nje, mnaongea tena mkiwa mmejikunyata, unaingia kwenye gari, unashusha kioo, mnaongea tena, mwisho anakwambia uangalie kulungu barabarani. Usikate hatua hata moja. Mtu wa Dar aliyezoea kumsindikiza mgeni mpaka kituoni anaiweza hii, tatizo lake litakuwa lile koti. Na kopo lirudishe, na lisirudi tupu.

La mwisho nimeliweka kwa ajili ya mama zetu wanaobaki nyumbani na kichanga mchana wengine wakiwa kazini. Minnesota, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi saa saba mchana, ving'ora vya mji mzima vinalia. Ni majaribio ya kengele za kimbunga, ndugu yako hatakwambia maana yeye mwenyewe havisikii tena, na hakuna jirani atakayetoka nje kuangalia. Chicago wanafanya Jumanne ya kwanza saa nne asubuhi. Kwa hiyo andika kwenye kalenda ya jikoni mapema. Kikilia siku nyingine na anga limefunga, chukua mtoto, shuka naye besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, simu beba, pilau zima jiko uiache hapohapo.