Hesabu pumzi za mtoto dakika nzima

Kwa mnaoanza mazoezi wodi ya watoto: kabla hujashika stethoskopu wala kipimajoto, hesabu pumzi. Ukishamgusa akaanza kulia, hesabu hiyo haina maana tena. Mwache mapajani kwa mama akiwa ametulia, mama apandishe fulana kidogo, wewe tazama tumbo. Mtoto mdogo hupumua zaidi kwa kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), kwa hiyo tumbo huonyesha vizuri kuliko kifua.

Hesabu sekunde 60 kamili. Ule ujanja wa kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 (tunaujua wote, hasa foleni ikiwa ndefu) unadanganya, kwa sababu kichanga hupumua mbiombio, akasita, akaendelea. Ukiangukia pale aliposita, umekosa.

Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa dakika kwa aliye chini ya miezi 2, na huyu ukipata 60 au zaidi, hesabu tena. 50 kwa wa miezi 2 hadi 11. 40 kwa wa miezi 12 hadi miaka 5.

Pumzi za haraka zinaweza kuwa dalili ya nimonia. Nimonia hujaza vifuko vya hewa majimaji na usaha, mapafu yakawa magumu kutanuka. Pumzi ndefu inamchosha, basi anavuta fupifupi nyingi. Homa peke yake nayo huongeza kasi. Ila ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, mwite daktari hapo hapo.