Saa ya kwanza ya faili jipya: mwongozo kwa mawakili wa Kisumu, Nakuru na magharibi ya Kenya

Wakili anayefungua ofisi Kisumu, Kakamega au Nakuru hawezi kuchagua aina moja tu ya kesi. Leo atapokea majeruhi wa bodaboda, kesho mfanyakazi aliyefutwa kiwandani, na keshokutwa ndugu wanaogombania shamba la marehemu babu yao. Mabadiliko ya sheria ya miaka ya karibuni yamezigusa kesi hizi zote, na kwa maoni yangu yamemwachia wakili kazi kubwa zaidi kabla hajawasilisha karatasi yoyote mahakamani. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unahusu mkutano wa kwanza na mteja.

Uliza tarehe kabla ya kusikiliza kisa. Madai ya mkataba yana miaka 6, ya madhara kama ajali miaka 3, ya kurudisha ardhi miaka 12, na ya mkataba wa ajira miaka 3. Anayeishtaki Serikali kwa madhara, kwa mfano aliyegongwa na gari la wizara, ana miezi 12 pekee. Mwajiriwa wa zamani mara nyingi huja akiwa amechelewa kwa sababu aliahidiwa kwamba mambo yatamalizwa kwa mazungumzo, ilhali mazungumzo hayasimamishi hesabu ya muda. Kumbuka pia kwamba tangu Machi 2024 mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao umeenea nchi nzima, na hati huhesabiwa kuwa imewasilishwa pale ada ya mahakama inapolipwa. Kupakia hati usiku wa siku ya mwisho na kuacha malipo hadi asubuhi ni kumhatarisha mteja bila sababu.

Baada ya tarehe, chagua mahakama. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanayotokana na mauzo ya bidhaa na huduma, fedha zilizopokelewa, uharibifu wa mali na majeraha ya mwili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Kesi za ardhi, ajira na kuchafuliwa jina haziingii humo. Mwenye trekta anayedai malipo ya kusafirisha miwa hana sababu ya kungoja miaka katika mahakama ya hakimu. Hata hivyo, rufaa kutoka hapo huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria tu, hivyo ushahidi usioutoa mwanzoni hutaweza kuurekebisha baadaye. Baadhi ya majaji wamewahi kubatilisha hukumu iliyotolewa baada ya siku 60 na wengine wamekataa kufanya hivyo. Kwa hiyo usiwe wewe unayeomba kuahirisha. Aliyeumia kazini, naye, mpeleke kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, maana Mahakama ya Juu, iliyo ya mwisho nchini na juu ya Mahakama Kuu, iliithibitisha mnamo Desemba 2019 sheria ya fidia kwa majeraha kazini inayompa mkurugenzi huyo kazi hiyo.

Siku hizi ushahidi mwingi umo ndani ya simu. Picha za ujumbe wa WhatsApp na video hazipokelewi kwa kuzionyesha tu. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa, kikiwa kimetiwa saini na mtu aliyehusika na kifaa hicho. Ikiwa ni kijana wa mteja aliyechapisha nakala hizo kwenye saiba, mwandikie cheti wiki hiyo hiyo, kabla hajabadilisha simu. Kanuni za Utaratibu wa Madai, zilivyorekebishwa mwaka 2020, zinaruhusu pia samansi, yaani wito wa mahakama, kupelekwa kwa baruapepe au kwa ujumbe wa simu, mradi iende kwenye namba ya mwisho inayojulikana kutumiwa na mdaiwa, na hati ya kiapo ya mpelekaji iambatishwe uthibitisho kwamba ujumbe ulifika.

Ardhi inahitaji subira zaidi kuliko yote. Katika uamuzi wa Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa wa tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hati miliki iliyotokana na ugawaji usiofuata sheria haimlindi hata mnunuzi aliyelipa kwa nia njema. Miezi michache baadaye, katika kesi ya Torino Enterprises, ilikazia kwamba barua ya ugawaji, yaani barua ya kumtengea mtu kiwanja kwa masharti, si hati miliki. Kwa hiyo upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi, ambao wengi wetu tuliuona kuwa kazi imekwisha, sasa ni mwanzo tu. Kwa kiwanja cha mjini Kisumu au Nakuru, tafuta barua ya ugawaji, ushahidi kwamba masharti yake yalitimizwa kwa wakati, ramani ya mipango, na orodha ya wenye ardhi wote waliotangulia. Kwa mashamba ya Nakuru yaliyogawanywa na kampuni za kununua ardhi, linganisha cheti cha hisa na sajili ya wanachama. Kisha nenda shambani mwenyewe na uzungumze na majirani. Wao ndio watakaokwambia kwamba kiwanja hicho kilikuwa njia ya maji au uwanja wa shule.

Vijijini Bungoma, Vihiga au Siaya tatizo huwa jingine: muuzaji ni mtoto wa marehemu, na ardhi bado imeandikwa jina la babu. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla ya mahakama kuthibitisha usimamizi wa mirathi, na kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai. Tena, uamuzi wa M'Inanga dhidi ya M'Lintari wa 2018 ulithibitisha kwamba mwenye hati anaweza kuwa anaishikilia ardhi kwa niaba ya ukoo, na anayedai haki hiyo halazimiki kuwa anaishi juu yake. Waulize ndugu wote, pamoja na dada walioolewa, kabla mteja hajatoa amana. Shamba likiwa katika eneo la udhibiti, yaani ambako mauzo ya ardhi ya kilimo huhitaji idhini, ombi la idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi lifikishwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano.

Katika mali ya wanandoa, uamuzi wa JOO dhidi ya MBO wa Januari 2023 umefuta dhana kwamba kila mmoja hupata nusu moja kwa moja. Mchango huthibitishwa, ukiwemo ule usio wa fedha, hivyo kusanya risiti za ada za shule na mashahidi wa malezi mapema.

Mwishoni, fedha. Muuzaji aambiwe mapema kwamba kodi ya faida ya mtaji, inayotozwa faida ya kuuza mali, ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 tangu Januari 2023, la sivyo atadhani umekula fedha zake. Sheria dhidi ya utakatishaji wa fedha nayo humgusa wakili anayemsaidia mteja kununua au kuuza ardhi au kushika fedha zake, na Kenya iliwekwa Februari 2024 kwenye orodha ya kimataifa ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu katika kuzuia utakatishaji huo. Weka katika faili nakala ya kitambulisho, maelezo ya fedha zilikotoka na kumbukumbu za muamala, na uzitunze kwa angalau miaka 7.