Umefunga ekzosi ya wazi na filta ya koni? Rekebisha kabureta kabla hujaua pistoni

Wakuu, salaam. Pikipiki yangu ni hizi za mtindo wa CG, cc 150, kabureta (kinachochanganya hewa na petroli) aina ya PZ27. Nilitoa boksi la eya klina nikaweka filta ya koni, nikafunga na ekzosi fupi ya wazi. Siku ya kwanza raha tupu, mlio mpaka majirani wanachungulia. Wiki ya pili napandisha mlima, gia ya nne, chombo kinakata pumzi na hedi inachemka. Fundi aliyenifungia alishanihakikishia kwamba "itazoea yenyewe". Haizoei, wakuu.

Hewa sasa inaingia kirahisi na moshi unatoka kirahisi, ila tundu la mafuta ndani ya kabureta, yaani jeti, ni lile lile. Petroli inataka kilo 14.7 hivi za hewa kwa kila kilo ya mafuta, na ukivuta mpaka mwisho injini hupenda mafuta yazidi kidogo, kwenye 12.5 au 13. Hewa ikizidi, joto linapanda, na pistoni ndiyo inayolipa.

Anza na uvujaji. Injini ikiunguruma, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na manifoldi. Mlio ukibadilika, hapo inavuta hewa ya wizi. Kagua gasketi ya ekzosi, pima valvu, weka plagi mpya. Usiguse jeti kabla ya haya, utakuwa unatibu ugonjwa usiokuwepo.

Weka alama. Bandika utepe wa karatasi kwenye mshikio wa mafuta na mwingine pembeni yake, chora mistari: robo, nusu, robo tatu, mwisho. Inaonekana utoto, lakini watu wengi wakisema "nimevuta nusu" wako kwenye robo. Kila sehemu ya kabureta ina eneo lake, na usipojua mkono uko wapi utabadilisha kitu kisichohusika.

Meni jeti (jeti kuu): robo tatu mpaka mwisho. Funga koki, mwaga mafuta, fungua bakuli la kabureta. Tumia bisibisi bapa inayoenea vizuri kwenye mfereji, jeti ni laini na huharibika upesi. Yangu ilikuwa 95. Nikanunua 98, 100, 102 na 105. Tafuta barabara tupu, injini ikiwa ya moto, vuta mpaka mwisho. Kisha rudisha mkono kidogo sana: ikichangamka, mafuta yalikuwa machache, panda namba. Ikiwa nzito na inagugumia, mafuta yamezidi, shuka. Mimi nilitulia kwenye 102. Yako inaweza kuwa nyingine, usininakili.

Kuhakikisha, vuta mpaka mwisho, kisha kwa pamoja kamata klachi na uzime swichi. Simama, toa plagi. Kahawia ya kahawa ya maziwa ni nzuri. Nyeupe, hewa imezidi. Masizi makavu meusi, mafuta yamezidi. Ukiiacha iungurume kwanza, plagi itakudanganya.

Sindano (iliyo ndani ya kabureta, hupanda ukivuta mafuta): robo mpaka robo tatu. Hapa ndipo tunapoendeshea muda mwingi. Yangu ina mifereji mitano na kile kiklipu kilikuwa katikati. Ukishusha klipu, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka, ukipandisha, yanapungua. Nilishusha mfereji mmoja, ule mkwamo wa katikati ukaisha.

Sailensa (injini ikiunguruma bila kuvuta mafuta) mwisho. Funga skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse, rudisha mzunguko mmoja na nusu. Zungusha robo robo ukisikiliza mlio unapopanda juu kabisa, halafu shusha sailensa kwa skrubu yake. Angalieni: skrubu iliyo upande wa filta ni ya hewa, ukifungua unapunguza mafuta. Iliyo upande wa injini ni kinyume chake.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, andika.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, natoka Dar nahamia Mbeya. Niache ilivyo?
Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yatazidi. Jaribu kushuka namba moja ya meni jeti, kisha angalia plagi.

Fundi anataka kupanua jeti kwa waya, anasema ni ile ile.
Mkatalie. Tundu litakuwa na mikwaruzo na hutajua tena una namba gani. Hata kuzibua, tumia upepo.

Nikiachia mafuta inapasuka pasuka kwenye ekzosi.
Rudi kwenye gasketi ya ekzosi kwanza. Ikiwa nzima, ongeza mafuta kidogo kwa skrubu ya mchanganyiko.

Yangu ni ya injeksheni, haina kabureta.
Basi hakuna jeti. Sensa ya oksijeni, kama ipo, hurekebisha mwendo wa kawaida, lakini ukivuta mpaka mwisho kompyuta hufuata ramani yake, yaani jedwali la kiasi cha mafuta. Ramani hiyo inabadilishwa na fundi mwenye kifaa chake. Bisibisi haisaidii.

Mimi ni bodaboda, nitapata faida?
Kaka, rudisha boksi la eya klina. Utakula mafuta zaidi, na koni ya wazi kwenye vumbi na mvua inamaliza ringi. Mimi mwenyewe masika yakianza naivua.