Kuitunza timu ya filamu fupi: mwongozo wa prodyuza, hatua kwa hatua

Mwongozo huu unamlenga prodyuza anayeandaa filamu fupi Dar es Salaam: skripti ya kurasa 15, siku 4 za kurekodi, watu 18 kwenye seti, bajeti ya kubana. Timu hutunzwa wiki tatu kabla ya siku ya kwanza, kwenye makubaliano, ratiba na bajeti. Prodyuza mcheshi aliyepanga hovyo huwaumiza watu kuliko prodyuza mkavu aliyepanga sawasawa.

Hatua ya 1: Anza na pesa (wiki 3 kabla)

Mpigie kila mtu wewe mwenyewe. Kabla hamjakata simu awe anajua siku ngapi, kiasi gani, kinalipwa lini, na kazi yake inaanzia na kuishia wapi. Hilo la mwisho husahaulika sana. Kijana anaitwa kushika maiki, akifika anaambiwa abebe pia taa na aendeshe gari. Kama unataka kazi mbili, taja mbili na ulipe mbili.

Kama huna pesa, liseme mwanzoni, usimsifie mtu kwa dakika kumi ndipo umwambie. Maneno ya kuepuka ni "tutaelewana", "tutaangalia" na "filamu ikiuzwa". Filamu fupi kwa kawaida haiuzwi, huzunguka kwenye matamasha. Kama kweli unampa mtu sehemu ya mapato, andika asilimia, ni ya mapato yapi, baada ya kutoa gharama zipi, na kwa miaka mingapi.

Weka yote hayo kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili, msaini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Ongeza mistari miwili: kazi ikiahirishwa zikiwa zimebaki chini ya saa 48 analipwa kiasi gani, na siku ikizidi saa zilizopangwa nyongeza ni ipi. Mvua za masika zitakukumbusha mstari wa kwanza.

Lipa nusu siku ya kusaini, na nusu iliyobaki siku ya mwisho kabla vifaa havijapakiwa garini. Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. Mliyekubaliana naye shilingi 150,000 akitoa mfukoni mwake gharama ya kutoa, anaona umemkata, na ana haki. Kwa watu 18 gharama hizo si ndogo, zitengee fungu tangu mwanzo. Hakiki pia jina lililosajiliwa kwenye laini, maana wengine hutumia laini za ndugu zao. Kama kampuni yako inakata kodi ya zuio (kodi inayokatwa kwenye malipo kabla mtu hajalipwa), sema mapema kiasi ulichotaja ni kabla au baada ya makato.

Hatua ya 2: Fomu ya kila mtu (wiki 2 kabla)

Iwe fupi: jina la kwenye kitambulisho, jina analotaka lionekane kwenye filamu, namba ya malipo, mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura, anaishi wapi, chakula asichokula, na hali ya kiafya ambayo timu ikiijua itamsaidia, kama pumu, kisukari au kifafa. Ulizia pia kama kuna anayenyonyesha, kwa sababu atahitaji chumba na mapumziko ya ziada.

Fomu hizi huonwa na wewe na msaidizi wako mmoja, basi. Kurusha hali ya afya ya mtu kwenye grupu la WhatsApp ni kosa ambalo huwezi kulifuta.

Hatua ya 3: Ratiba inayoruhusu usingizi

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 12 za kazi kwa siku pamoja na za ziada, mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na saa 12 za kupumzika kati ya siku moja na nyingine. Kuna atakayekuambia watu wa filamu ni vibarua wa kujitegemea, sheria hiyo haiwahusu. Mwache abishane na wanasheria. Wewe itumie kama kipimo, maana mwili hauulizi mkataba wa aina gani.

Hesabu saa za kupumzika kuanzia mtu anapofika kwake. "Tumemaliza" ya mwongozaji haihesabiki. Tuseme mnarekodi Kigamboni na shoti ya mwisho imeisha saa 2 usiku. Kufungasha ni dakika 45. Foleni ya pantoni au mzunguko wa Daraja la Nyerere, kisha safari hadi Mbezi Mwisho, inaweza kumla mtu saa moja na nusu au mbili. Anaingia ndani karibu saa 5 usiku. Ukimwita saa 12 asubuhi, ataamka saa 9 na nusu usiku: amelala saa 4 kwa bahati nzuri.

Kinachoharibika ni hiki. Siku ya kwanza mnachelewa saa mbili, lakini mwito wa kesho unabaki palepale. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu fokasi inaanza kuteleza, mwigizaji anasahau mistari aliyoijua, na teki (marudio ya shoti) zinaongezeka, kwa hiyo mnachelewa zaidi. Mchovu wa hatari kuliko wote ni dereva, aliyewaleta watu alfajiri na anayesubiriwa awarudishe usiku. Siku ndefu ziwe na madereva wawili.

Kwa hiyo siku ikisogea, sogeza na kesho yake, na punguza shoti. Kurasa 15 kwa siku 4 ni chini kidogo ya kurasa 4 kwa siku, kiasi kinachobebeka. Ukijikuta na kurasa 7 siku moja, umeshaamua kuwanyima watu usingizi, hata kama hujawaambia. Sini (matukio ya filamu) za usiku ziweke siku ya mwisho. Kuchanganya mchana, usiku, mchana tena ni kuwavunja.

Ijumaa acha nafasi ya sala ya mchana. Ukirekodi Ramadhani, simamisha kazi magharibi kwa dakika 30, tende na maji viwe vimeshafika mezani, na sini za kukimbia au kupiga kelele zisiangukie alasiri.

Kolshiti, yaani ujumbe wa mwito na ratiba ya kesho, itumwe kabla ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia, ujumbe mmoja, bila voisi noti nane za kurekebishana. Na jihadhari na saa. Ukiandika "6:00" peke yake, mmoja atakuja alfajiri na mwingine adhuhuri. Andika hivi:

"JUMANNE, siku ya 2 kati ya 4. Gari linaondoka Mbezi stendi saa 11:00 alfajiri. Chai lokesheni saa 1:00 asubuhi. Shoti ya kwanza saa 2:00 asubuhi. Chakula saa 7:00 mchana. Kumaliza saa 12:00 jioni. Leo: sini 4, 5 na 9, ndani ya nyumba. Sini 9 ina kilio, seti itafungwa kwa wasio na kazi pale. Hospitali ya karibu na namba ya dereva ziko chini."

Hatua ya 4: Kagua lokesheni pamoja na mtu wa sauti (siku 10 kabla)

Prodyuza wengi huenda na mwongozaji na kameramani tu. Wanaona nyumba nzuri, hawasikii gereji ya jirani. Nendeni siku na saa ileile mtakayorekodi, mkae kimya dakika 10, na mtu wa sauti awe na uwezo wa kusema hapana. Ukimpuuza, utamlaumu baadaye kwa kelele ulizozichagua wewe.

Jenereta lisikae ndani wala barazani penye madirisha: moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukustua. Liweke mbali nyuma ya ukuta, upande ambao upepo hauleti moshi kwenye seti, na nunua waya mrefu wa kutosha. Kagua choo chenye mlango unaofungwa na chumba cha kubadilishia nguo. Mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kibali cha Bodi ya Filamu kiwe mkononi mwa mtu aliyepo seti muda wote. Kameramani asiachwe ajieleze kwa askari peke yake.

Hatua ya 5: Maji na chakula

Kwa joto la Dar panga lita 3 za maji kwa kila mtu kwa siku. Pika kwa watu 20, siyo 18, maana mlinzi na mwenye nyumba wapo. Hayo ni madumu matatu ya lita 20, na kilo 3 na nusu za mchele kwa mlo mmoja. Mama ntilie mlipe nusu asubuhi anunue vitu kwa wakati. Chai iwe na kitu cha kutafuna. Badilisha mboga kila siku. Maharage siku nne mfululizo huleta kisirani kuliko mvua. Prodyuza huchukua sahani wa mwisho.

Hatua ya 6: Sini nzito

Sini ya kipigo, kubakwa au mahaba haizuki siku ya kurekodi. Wiki moja kabla, waigizaji husika wakubaliane na mwongozaji mkono unagusa wapi, nguo ipi inabaki, na neno gani likitamkwa kila kitu kinasimama. Andika. Siku yenyewe wabaki wale tu wenye kazi pale, simu zote kapuni. Kibao halisi "ili uso uonekane kweli" hakiruhusiwi hata mwigizaji mwenyewe akikubali, kwa sababu mbele ya watu 18 ni vigumu kukataa.

Mwongozaji akimfokea mtu, mwite pembeni mapumziko yakifika. Usimkanye mbele ya timu, na usinyamaze pia.

Hatua ya 7: Baada ya kurekodi

Mhariri na mtunzi wa muziki hufanya kazi peke yao, kwa hiyo huumizwa kimyakimya. Kubalianeni raundi 2 za marekebisho, za ziada zilipiwe. Maoni yote yapitie kwako, yaandikwe kwa dakika na sekunde: "04:12, punguza ngoma, mazungumzo hayasikiki." "Hii haijanigusa" haimsaidii mtu. Kwa muziki, pata ruhusa ya maandishi ya wimbo na ya rekodi. Huenda wenyewe ni watu wawili tofauti.

Orodha ya majina yanayopita mwishoni mtumie kila mtu kabla ya kutoa nakala ya mwisho, mpe siku 3 za kusahihisha. Msaidizi wa taa ambaye jina lake limekosewa herufi hatakuambia kitu, ila utakapompigia tena atakuwa na kazi nyingine.

Ndani ya wiki 2 baada ya filamu kukamilika, mpe kila mmoja vipande vya kazi yake vya kuonyesha anapotafuta kazi. Kama tamasha linakataza filamu kuwekwa mtandaoni, vipe nywila, na waandikie tarehe ya kizuizi kuisha.