Unataka kuandika riwaya ya vijana yenye watu wa vilimani wa Ayalandi? Anza na masharti

Vijana wanaoandika huku kwetu, kuanzia Mikindani mpaka Nachingwea, wengi wanapenda fantasia na wengi wanavutiwa na hadithi za kale za Wakelti, yani zile za Ayalandi, Uskoti na Wales, za watu wa ajabu wanaoishi chini ya vilima. Safi sana. Ila rasimu nyingi zinaanza na visichana vidogo vyenye mabawa na kijiti kinachong'aa, na hapo hadithi imeshakufa kabla ya sura ya pili. Yale mabawa waliyaongeza wachoraji wa Uingereza baadaye sana. Kwenye hadithi zenyewe za Ayalandi hawa mara nyingi wana kimo cha binadamu, wazuri mpaka unaogopa, wana wafalme wao, ng'ombe wao, farasi wao, ngoma zao, na ukiwakosea hawasahau. Wanaitwa aos sí, soma iis shii, na inasimuliwa kwamba ni wale Tuatha Dé Danann, kabila la miungu wa kale wa Ayalandi, walioshindwa vita wakaingia chini ya ardhi, binadamu wakabaki juu. Hata Newgrange, lile kaburi la mawe lenye miaka kama 5,000, kongwe kuliko piramidi za Giza, kwenye hadithi ni nyumba ya mmoja wao.

Sasa kabla hujampa mhusika wako jina, chukua daftari uandike masharti. Huo ndo moyo wa riwaya ya namna hii na mimi naamini kabisa ukikosea hapa hakuna kitakachokuokoa. Usile wala kunywa chochote chini ya kilima, la sivyo hurudi. Chuma wanakiogopa, hata mkasi tu ulikuwa unawekwa karibu na kitanda cha mtoto. Usiwataje hovyo, ndo mana watu wa kule walikuwa wanawaita Watu Wema. Mti wa miiba uliosimama peke yake shambani haukatwi, na hii sio ya zamani tu, mwaka 1999 huko County Clare msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan alipigania mti mmoja uliokuwa kwenye njia ya barabara mpya, na mti ukaachwa. Afu kuna usiku wa Samhain, tamka sauin, sikukuu ya kale ya kuingia majira ya baridi, tarehe 31 Oktoba kuamkia 1 Novemba, vilima vinafunguka.

Usiyatumie yote. Chagua matatu, na kila moja jiulize nani atalivunja, kwa nini ilibidi alivunje, na atalipa nini. Msomaji wako hatopata shida kuelewa, sisi tumekulia kwenye miiko, umetumwa dukani usiku ukanunue sindano muuza duka anakwambia njoo asubuhi, hakuna anayekueleza sababu na hubishi.

Na hapa ndo faida yako wewe unayeandika ukiwa Mtwara. Mfano mhusika wako ni Somoe, miaka 16, wa Mikindani, kaenda Ayalandi kwa mama yake mdogo ambaye ni nesi kule. Kapotea, kaingia kilimani, mwenyeji mama mmoja mtaratibu kamwekea mkate wa moto, siagi na bakuli la maziwa, kasogeza kiti, kamwambia karibu mwanangu. Bibi yake Somoe kamlea na neno moja, chakula cha mwenyeji hakikataliwi, hata kama umeshiba onja tonge. Ona sasa, adabu yake yenyewe ndo mtego! Usikimbie hapo, kaa ukurasa mzima, onyesha mkono unavyoenda kwenye mkate, siagi inavyoyeyuka, yule mama asivyokula hata kidogo ila anaangalia vidole tu. Mapigano ya panga hayafiki nusu ya hofu hiyo.

Muda nao uufanyie kazi. Oisín, tamka oshiin, shujaa wa hadithi za kale za Ayalandi, alikaa Tír na nÓg, yani Nchi ya Ujana, na mpenzi wake Niamh wa hukohuko akijua ni miaka michache kumbe juu imepita 300, akaambiwa akirudi asishuke kwenye farasi, akainama kuwasaidia watu kusogeza jiwe, mkanda wa tandiko ukakatika, mguu ulipogusa udongo akawa mzee hapohapo. Wewe usiandike tu kwamba miaka ilipita. Somoe aliondoka babu yake ndo anapanda miche ya korosho, anarudi anakuta mikorosho matawi yamelala mpaka chini na watu asiowajua wanaokota. Msomaji wa Newala atahesabu mwenyewe.

Kitu kimoja nakuomba kwa dhati. Kuna imani ya kwamba hawa watu huiba mtoto au mtu mzima wakaacha wa kwao anayefanana naye. Mwaka 1895 huko Tipperary Bridget Cleary alichomwa moto na mume wake aliyedai yule sio mke wake. Kwahiyo usimchukue mtoto mgonjwa au mlemavu ukamfanya ndo wa kubadilishwa afu ushindi ukawa kumfukuza, sisi tunajua imani za namna hii zimewafanyia nini ndugu zetu wenye ualbino. Ukitaka kuitumia, mpe huyo mtoto sauti yake, yeye ndo asimulie.

Usiwageuze pia kuwa majini wa baharini wenye majina ya Kiayalandi. Waache kule kwao na vilima vyao na baridi yao, wetu nao wana masharti yao mengine kabisa. Kama una bando ingia dúchas.ie, kuna hadithi walizokusanya watoto wa shule Ayalandi kutoka kwa wazee wao kati ya 1937 na 1939, nyingi ni fupi, Kiingereza rahisi, na bure.

Ukimaliza sura tatu za mwanzo wasomee kwa sauti wanafunzi wa kidato cha pili, usiwaeleze kitu kabla. Akitokea mmoja akauliza "si akimbie tu?" ujue kuna sharti hujaliweka wazi, rudi ulitafute uliweke kurasa kumi kabla ya hapo.