Somo: Mafunzo ya simu kwa wodi ya uzazi, mtoto akizaliwa bila kupumua

Somo hili ni la anayesimamia mafunzo katika hospitali ndogo za Kisumu, Kakamega au Nakuru, ambako zamu ya usiku ina wauguzi wawili na hakuna anayeweza kuacha wodi siku mbili aende semina. Simu humpa muuguzi maelezo. Mkono wake hufundishwa na mwanasesere wa mazoezi, ambaye kifua chake huinuka hewa ikiingia, tena wiki ileile. Hayo mawili yakitengana, watu wanabaki na vyeti na mtoto anakosa hewa.

Hatua ya 1. Ujuzi mmoja kwa mwezi, basi. Hapa ni kumpa mtoto hewa kwa ambu, yaani mfuko wa kubinya kwa mkono wenye barakoa ya kufunika mdomo na pua.

Hatua ya 2. Acha mkutano wa video. Mkutano wa kundi wenye picha huweza kula zaidi ya MB 800 kwa saa, na mtu bando likimwishia katikati harudi. Tumia video za dakika 5 hadi 7 zilizobanwa hadi 240p (ubora wa chini wa picha), zipakuliwe kwa waifai ya ofisini kisha zipitishwe simu kwa simu. Programu ya Safe Delivery App ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa, na ina somo la mtoto huyu. Pakueni mchana, msingoje saa tisa usiku stima zikiwa zimepotea.

Hatua ya 3. Maswali 10 kabla ya video. Ukiona wengi wamejibu kwamba kila mtoto afyonzwe uchafu wa mdomoni na puani kwanza, anzia hapo. Mtoto asiye na uchafu unaoziba njia ya hewa hahitaji kufyonzwa, na mrija ukiingizwa ndani sana unaweza kushusha mapigo ya moyo.

Hatua ya 4. Mazoezi, dakika 10 wakati wa kupokezana zamu, mara mbili kwa wiki. Watu wawili wawili: mmoja afanye, mwenzake ashike orodha ya hatua na kutazama saa. Mezani pawe na mwanasesere, ambu ya mazoezi (ya wodini isiguswe), barakoa namba 1 na namba 0, kofia, na vitambaa viwili vikavu.

Kwanza ijaribuni ambu yenyewe. Ziba barakoa kwa kiganja, binya kwa nguvu: vali ifunguke na hewa itoke, na ukiachia mfuko ujae mara moja. Usipojaa, au vali ikinyamaza, iwekeni kando.

Kisha mtoto. Mkaushe, msugue mgongo. Bado hapumui? Kata kitovu, mlaze chali, kichwa kirudi nyuma kidogo tu kama anayenusa kitu. Barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua, isifike machoni. Pumzi ya kwanza iingie kabla dakika moja tangu azaliwe haijaisha, kisha binya mara 40 kwa dakika, macho yakiwa kifuani.

Kifua kisipoinuka ndipo watu hukwama, maana kwenye video nyingi huinuka mara ya kwanza. Fanyeni hivi, kwa mpangilio huu: bandika barakoa upya, rekebisha kichwa, safisha mdomo halafu pua, fungua mdomo kidogo, binya kwa nguvu zaidi. Angalia vidole vya mwenzako. Gumba na cha shahada hushika barakoa, cha kati huinua kidevu. Akikandamiza kwa kiganja kizima utasikia hewa ikivuja shavuni, fsss. Na kichwa kikikunjwa nyuma kupita kiasi, njia ya hewa inajifunga.

Zoezi hili msiliruke hata wodi ikijaa. Fanyeni dakika 5.

Hatua ya 5. Maswali yaleyale 10 baada ya wiki mbili. Aliye chini ya 8 arudie video, na kila mtu aonyeshe kifua kikiinuka kabla hujamtilia sahihi kwamba amefuzu.

Maswali ya wahudumu

Muuguzi, Ahero: Mwalimu, mwanasesere hatuna. Doli ya dukani yafaa?
Jibu: Kwa kukausha na kuweka kichwa, yafaa. Kwa hewa hapana, kifua chake hakiinuki, hutajua umekosea. Ulizeni kuazima kampasi ya KMTC (chuo cha mafunzo ya tiba) iliyo karibu. Ziko Kisumu, Kakamega na Nakuru.

Afisa wa kliniki, Molo: Nikimaliza kozi ya mtandaoni, pointi za masomo za kuhuisha leseni zinaingia zenyewe?
Jibu: Usitegemee hivyo. Kabla ya kuanza, hakikisha baraza linalotoa leseni yako linamtambua anayetoa kozi. Jina la kwenye cheti liwe lilelile la kwenye leseni, na uhifadhi nakala.

Mkunga, Busia: Tulirekodi mtoto halisi akisaidiwa. Tuiweke kwenye kundi la WhatsApp iwe funzo?
Jibu: Hapana, dada. Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mama yule hakuja kwenu kurekodiwa. Rekodini mwanasesere.

Muuguzi, Mumias: Wenzangu wanabinya mbio mno.
Jibu: Wahesabu kwa sauti: “binya, mbili, tatu.” Wabinye kwenye neno la kwanza, waachie kwenye mawili yanayofuata. Ndani ya sekunde 30 ziwe pumzi kama 20. Zikifika 35, msimamishe aanze upya, kwa sababu hewa haijapata muda wa kutoka.